Vikombe Vitatu, Macho Mawili

Kama gazeti la wiki jana lilikwisha kufungiwa sabuni dukani kabla hujanisoma, usijali. Mikosi yangu haiishi kwa wiki moja. Nakupa kwa kifupi, upate kunicheka sambamba na wenzako.

Mimi ndiye mwonjaji wa Chama cha Wapenda Pilipili. Watu huniita Ulimi. Cheo hicho nilikirithi kwa marehemu baba, na chama chenyewe hukutana saluni kwa Shangazi, dada yake baba. Shangazi ni msusi mwenye draya tatu. Asubuhi zinakausha nywele, mchana zinakausha pilipili. Ukimwona mtu anatoka pale kasukwa vizuri huku anapiga chafya mfululizo, jua draya haikupanguswa.

Wiki saba zilizopita nilibishana na Fundi Saa, mkulima wa pilipili nyekundu kali kuliko zote chamani, kwamba naweza kumaliza kopo zima la rojo yake kwa kijiko bila kugusa maji. Nikamaliza. Nikapigiwa makofi. Nilipoamka kesho yake, ulimi ulikuwa umekufa. Tango, pilipili, soli ya kiatu, kwangu yote mamoja.

Sikumwambia mtu. Nikatunga sheria mpya: mwonjaji mwenye adabu huonja mwisho, wakubwa watangulie. Wakitangulia, mimi nasoma nyuso zao kwenye vioo vya saluni. Fundi Saa akivua miwani, huo ni ukali wa ngazi ya tano. Akiipangusa, ya saba. Akisahau alipoiweka, ya tisa. Natamka ngazi kwa sauti nzito, na wao wanatikisa vichwa: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mliniacha pale ambapo msimamizi wa tamasha la vyakula aliingia saluni na faili kwapani, akauliza, "Mwonjaji ni nani hapa?"

Mikono yote ilininyookea mimi. Hata mteja aliyekuwa chini ya draya alinyoosha wake.

*

Msimamizi alikuwa mama mwembamba, kalamu tatu mfukoni, na uso wa mtu aliyewahi kudanganywa mara moja akaapa hairudiwi.

"Mwaka jana," alisema, "mgeni rasmi alihutubia nusu saa nzima kwa kwikwi. Alikula kutoka chupa yenu iliyoandikwa 'ya watoto'."

"Vibandiko tu viligeuzwa, dada," Shangazi alisema. Fundi Saa, mgeuza vibandiko mwenyewe, alianza kuichunguza dari.

"Mwaka huu nimewapigania mpate meza moja. Moja, na ya mwisho. Mtu mmoja akidhurika keshokutwa, pilipili haitaingia tena kwenye tamasha mpaka mimi nistaafu. Na mimi bado kijana."

Hakuna aliyecheka. Nilitaka kucheka mimi, nikaona uso wa Shangazi nikaacha. Miaka kumi na miwili amekilea hiki chama kama mtoto aliyeachiwa na kaka yake, maana ndivyo ilivyokuwa. Mbegu zake za kwanza alizikuta kwenye mfuko wa koti la baba, siku ya pili baada ya kumzika.

"Chupa zenu za kijani, zile zisizowasha, zitawekwa mbele ya watoto wa kwaya," msimamizi aliendelea. "Watoto sitini. Mmoja wao ni wangu. Kwa hiyo leo mwonjaji ataonja mbele yangu na kutia sahihi. Wengine wote nje."

"Nje?" nikauliza. "Mama, sisi huonja pamoja. Ndiyo desturi yetu."

"Desturi yenu ndiyo iliyompa mgeni rasmi kwikwi."

"Basi tangulia wewe. Mkubwa hutangulia."

"Mimi nina vidonda vya tumbo, kijana. Sijagusa pilipili mwaka wa kumi na moja huu." Akalihamisha faili kwapa la pili. "Zamani nilikuwa naila hata na chungwa."

Wakatoka mmoja mmoja, mteja naye na rola zake kichwani. Shangazi alikuwa wa mwisho. Alinishika shingo, mkono wake ukinuka mafuta ya nazi, akaninong'oneza:

"Ulimi wa kaka yangu hawakuuzika. Mwoneshe."

Mlango ukafungwa.

*

Kwenye kaunta, kati ya vitana na makopo ya dawa ya nywele, msimamizi alipanga vikombe vitatu vya plastiki. Sosi zote tatu alikuwa amezitia rangi moja ya kahawia, sijui kwa kitu gani. Majibu yalikuwa kwenye bahasha, mwandiko wa Shangazi, imefungwa kwa gundi.

"Niambie ipi nyekundu, ipi njano, ipi kijani."

Nikatazama vioo kwa mazoea. Vioo vinne, na kwenye vyote vinne uso ulikuwa mmoja tu. Wangu. Haukuwa na habari yoyote ya kunipa.

Nikachovya kijiko kwenye kikombe cha kwanza, nikaonja. Maji ya bomba. Cha pili, maji ya bomba. Cha tatu usiniulize.

"Unasemaje?"

"Taratibu, mama. Pilipili ni kama mkwe, haiulizwi habari mlangoni."

Alitazama saa yake. Ndipo wazo likanijia, na mawazo yangu mnayajua: yanakuja yamevaa vizuri, yakiondoka yamebeba kitu chako. Ulimi umekufa, sawa. Lakini jicho halijafa.

Nikajifanya najifuta jasho. Kidole nilichokichovya kwa siri kwenye kikombe cha kwanza nikakipitisha kwenye jicho la kulia.

Jicho lilijifunga kama duka lililosikia virungu.

"Nyekundu," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyoipanga.

Kikombe cha pili, jicho la kushoto. Hapo palikuwa na subira kidogo. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikaanza kujipongeza, ndipo ukali ukaja, kama mgeni aliyechelewa lakini kaja na mizigo yote.

"Njano."

Sasa nikakumbuka nilichopaswa kukikumbuka mapema. Vikombe ni vitatu. Macho Mungu alinipa mawili.

Sikuwa naona kaunta. Nilipapasa, nikashika kitana, nikakirudisha. Lakini hesabu ni hesabu: nyekundu imekwisha patikana, njano imekwisha patikana, iliyobaki itakuwa nini kama si kijani?

"Na hiki cha tatu ni kijani," nikasema. "Kimepoa kama uji wa jana."

Nilisikia bahasha ikichanwa. Nilisikia karatasi ikifunguliwa.

"Nyekundu, njano, kijani," msimamizi alisema taratibu. "Sawasawa kabisa. Na mbona unalia hivyo?"

"Mwonjaji asiyelia, mama, ni msusi asiyeshika nywele."

Alinitazama, au nahisi alinitazama. Kisha akasema kwa sauti laini ambayo sikuitarajia kutoka kwa mtu wa kalamu tatu: "Sijawahi kuona mtu anaipa kazi yake machozi."

Akaniwekea karatasi. Aliisoma mwenyewe, maana mimi sikuwa na macho ya kusomea: "Nathibitisha kwa ulimi wangu kwamba chupa ya kijani inafaa kwa mtoto."

Nikatia sahihi. Ya kwanza niliitia kwenye kaunta. Ya pili kwenye karatasi.

Makasha ya chupa yalipakiwa kwenye gari lake palepale, yakafungwa kwa utepe, yakaenda stoo ya tamasha. Chupa moja ya kijani aliitia kwenye mkoba pamoja na ile karatasi. "Sampuli," alisema. Lakini niliona, kwa kile kijicho kilichoanza kufunguka, jinsi alivyoishika. Hivyo ndivyo mtu anavyoshika picha ya rafiki wa zamani.

*

Wenzangu walirudi ndani kwa makofi. Shangazi alinikumbatia mpaka rola zikamwagika kutoka kwenye aproni yake. Halafu wakaenda uani kukunja meza, mimi nikabaki kunawa macho kwenye sinki la kuoshea nywele.

Hapo akaingia Mshonaji, binti wa fundi cherehani wa jirani, amebeba kitambaa cha meza yetu. Mshonaji hali pilipili hata moja. Chama anakishonea tu. Na huyu binti anasema. Nimesoma naye tangu darasa la kwanza, sijawahi kumsikia amenyamaza, hata kwenye mtihani alikuwa anajisomea maswali kwa sauti.

"Umefaulu, nimesikia mpaka kwetu, mama kaniambia mpelekee kitambaa kabla hajaanza kujisikia, pindo nimelitia mara mbili maana nawajua mnavyomwaga, mkasi uko wapi nikate huu uzi, kwenye droo ya vitana?"

Akafungua droo. Sauti ikasimama kidogo tu, kama cherehani ikivuka mshono.

"We Ulimi. Hii si mifuko yangu?"

Nikafuta macho. Mkononi ameshika fungu la vifuko vidogo vya kitambaa chepesi, vimefungwa kwa fundo lake.

"Mifuko sitini nilikushonea msimu uliopita, nikatia na kamba moja moja, vidole vikaniuma wiki nzima. Shangazi yako alisema ni ya kufunika maua. Mbona fundo langu halijafunguliwa?"

Ngoja niwaeleze, maana si kila mtu ni mgonjwa wa pilipili kama sisi. Pilipili isiyowasha ukiipanda karibu na kali, unapaswa kulivika ua lake kifuko kabla halijachanua, ili nyuki asilete chavua ya jirani. Usipolivika, tunda litakuja lilelile, jembamba, la kijani, la upole. Lakini mbegu zake zimeshaolewa na ukali. Ukizipanda mwaka unaofuata, sura itabaki ya mama, na tabia huenda ikawa ya baba. Hii tulifundishwa kidato cha tatu, siku ambayo mimi nilikuwa nachora katuni ya mwalimu.

Msimu uliopita Shangazi alinipa ile mifuko. Nikaitia kwenye droo, nikaenda kucheza karata, nikarudi nikasema tayari.

Na mbegu za matunda yale ndizo tulizopanda mwaka huu.

"Nani ameonja ya kijani?" nilijiuliza kwa sauti.

"Si wewe umeonja?" Mshonaji alisema.

Hakuna aliyeonja. Hilo ndilo lililoniketisha kwenye kiti cha draya. Katika chama cha watu wanaojisifu kwa moto, nani angepoteza nafasi mdomoni kwa sosi ya watoto? Fundi Saa huiita maji ya kunawia. Ilipikwa, ikajazwa, ikafunikwa, na ulimi wa kwanza kuigusa ulikuwa maiti.

Nikaangalia kaunta. Kikombe cha tatu kilikuwa pale, kimebaki robo.

"Nisaidie kitu kimoja," nikamwambia. "Onja hii. Tone tu."

"Mimi? Hata pilipili manga inanipiga chafya, unanitakia nini, au ndiyo utani wako, mara ile ulinipa sabuni ukasema jibini..."

"Si utani. Nakuomba."

Labda ni macho yangu yalivyokuwa mekundu. Alichovya ncha ya kidole, akailamba.

"Mbona ni tamu tu, ina kama limau, ina..."

Akanyamaza.

Nikasubiri sentensi iendelee. Haikuendelea. Alinitazama kama mtu aliyesukumwa ngazini na rafiki. Akaelekeza kidole kwenye bomba. Nikampa maji, akanywa, akapiga kwikwi, akanywa tena. Dakika nne kwa saa ya ukutani, na kwa Mshonaji dakika nne ni umri.

Ngazi ya nane. Sikuhitaji kioo.

*

Nilikimbia uani. Shangazi alikuwa anafuta miguu ya meza, Fundi Saa anahesabu vijiko.

"Shangazi," nikasema, "ulimi wangu umekufa."

"Umechoka, mwanangu. Leo umefanya kazi."

"Umekufa. Tangu lile kopo la Fundi. Sisikii kitu. Nimewadanganya wiki saba. Na ya kijani si ya kijani, inawasha, sikufunika maua."

Nikafikiri, sawa, sasa kibao kije, nakistahili.

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka akashika meza. Fundi Saa naye akashika vijiko vikamponyoka.

"Umesikia huyu?" Shangazi alimwambia. "Mwaka juzi alinipigia simu kwamba saluni inaungua, nikakimbia na mteja ana povu kichwani. Leo ulimi umekufa. Kesho utaniambia umezikwa wapi?"

"Shangazi, wallahi."

"Na ile ya moto uliapa wallahi."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilikuwa nikiitumia methali hiyo kwa watu wengine.

"Mwulize Mshonaji," nikasema. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, kashika gilasi. Alifungua mdomo, ikatoka kwikwi. Akatikisa kichwa kwa nguvu, kwamba ni kweli, akaelekeza kidole nyuma, ikatoka kwikwi nyingine.

"Na wewe amekushirikisha," Shangazi alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Mnaweza, nyie watoto."

Palibaki njia moja. Nikafungua mtungi wa Fundi Saa, nikatoa pilipili nyekundu nzima, ile iliyomvua miwani mwenye shamba lake, nikaitia mdomoni. Nikatafuna mbele yao taratibu, mbegu na vyote. Nikachukua ya pili. Ya tatu.

"Tazameni," nikasema mdomo umejaa. "Hakuna kitu. Hata chozi. Mnaona? Umekufa."

Kweli hapakuwa na chozi. Macho yalikuwa yameshamaliza akiba.

Wanachama waliokuwa uani walianza kupiga makofi. Kwanza mmoja, halafu wote. Fundi Saa akavua miwani taratibu, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa sababu ya kuwashwa.

"Kijana," alisema, "wiki saba hizi nilikuwa nakutilia shaka. Nilikuwa naona unavyonikodolea kwenye kioo, nikasema huyu ananiibia majibu. Leo nimeona kwa macho yangu. Nisamehe."

Mtu pekee duniani aliyekuwa na shaka na mimi aliiweka chini siku niliyoihitaji.

"Nishuku, Fundi," nikamwambia. "Nakusihi."

Wakacheka tena.

*

Simu ya Shangazi ikalia mlio wa ujumbe. Aliinyoosha mbali na macho, kama kawaida yake, akausoma kwa sauti wote wasikie.

"'Dada, mwambie yule kijana amenirudishia imani. Nimepitia nyumbani kula na mwanangu. Miaka kumi na moja, leo nafungua ya kijani. Kijiko kimoja tu, kwa heshima yake.'"

Akaibusu ile simu. Nikamnyang'anya.

Nikapiga. Iliita mara tatu, nne. Ikapokelewa.

"Mama," nikasema, "usiile. Iweke chini."

Upande wa pili kijiko kiligonga sahani. Halafu sauti ndogo, ya mtoto wa miaka sita au saba, ya kwaya kabisa:

"Mama amekimbilia bafuni. Hasemi. Wewe nani?"

"Mimi... Sikiliza, mwanangu. Hiyo chupa iko wapi?"

"Hii hapa. Imeandikwa ya watoto."

"Usiiguse. Kaa mbali nayo. Mgongee mama mlango, mwulize kama anaumwa. Kuna mtu mwingine mkubwa hapo?"

"Mbona imeandikwa ya watoto?"

"Imekosewa. Usile, unanisikia?"

"Unaongea na nani?" Shangazi aliuliza.

"Mtoto wa msimamizi. Shangazi, ameshaila, mama yake ameshaila, na mtoto..."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyechoka na mtoto wake mbele za wageni. Akaichukua simu mkononi mwangu, si kwa hasira, kwa upole kabisa, akaiweka sikioni.

"Hujambo, mwanangu. Usimjali huyo kaka, ana utani sana." Akasikiliza, akitabasamu. "Mama anaoga? Haya, msalimie. Eti nini?" Akanitazama, macho yamejaa fahari. "Ndiyo, mwanangu. Ni ya watoto. Si umeona sahihi yake kwenye karatasi ya mama?"

Akakata. Akaitia simu kwenye mfuko wa aproni, akanipa ufagio.

"Nywele zile za asubuhi," alisema, "bado hujazifagia."